Historia Fupi ya Mzee Petwe

Ujumbe wa kifo cha baba yake ulimkuta Herieth mezani kwake Kurasini, katikati ya makaratasi ya kontena mbili za vipuri. Uliandikwa kwa Kiingereza na Bodil, mama wa Kidenishi ambaye mzee alikuwa akiishi naye Kopenhagen. Orrin alifariki jana Jumanne, usingizini, ana miaka themanini na mitatu, na mwili utachomwa wiki ijayo kama alivyotaka mwenyewe. Herieth alisoma mara mbili. Akajibu ahsante kwa taarifa, akalaza simu kifudifudi, akaendelea kulinganisha namba za kontena na zile za kwenye hati. Saa saba alikula wali maharage na wenzake wala hakumwambia mtu. Ungemuuliza anasikia nini, angekujibu njaa.

Si kwamba alikuwa na roho ya jiwe. Baba huyo aliondoka mwaka 1985, Herieth akiwa na miaka tisa. Alikuwa Mmarekani mweusi, mpiga saksafoni, aliyekuja Dar mwaka sabini na tatu pamoja na wenzake waliotaka kuiona kwa macho nchi ya ujamaa. Akafundisha muziki, akapiga na bendi ya dansi, akafunga ndoa kanisani na Sesilia, binti wa watu wa Songea. Jina lake lilikuwa Orrin Pettway. Temeke haikuwa na muda wa jina refu namna hiyo, ikamwita Petwe, naye akalipenda. Kisha akaalikwa Ulaya kwa miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo ndiyo iliyokwisha Jumanne.

Jioni alimweleza mjomba wake, Gaudens, kaka wa marehemu mama yake. Mzee Gaudens alikuwa seremala, na ndiye aliyemlea Herieth tangu huyo mwingine alipopanda ndege. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena, akasema msiba utawekwa. Herieth akauliza msiba gani usio na mwili. Mzee akamjibu kwamba mtu aliyefunga ndoa kwenye familia yao hawezi kufa kama kuku, na kwamba wao wamekwenda kwenye misiba ya watu miaka yote, sasa ni zamu ya watu kuja kwao.

Alhamisi turubai likafungwa uani. Akina mama wa jumuiya wakaja na vitenge vyao kiunoni, wakaketi mkekani, wakaanza kuuliza mwili unafika lini. Mjomba akawajibu, bila kupepesa, kwamba mkwe wao anazikwa hukohuko. Habari ya kuchomwa aliimeza kama mtu anavyomeza kidonge kichungu, na Herieth hakuona sababu ya kumtapisha. Alikuwa akipokea pole kwa mikono miwili na kusema ahsante, nimeshapoa. Nao walimtazama machoni wakitafuta chozi. Mama Felicitas, mwenyekiti wa jumuiya, alimshauri ajitahidi kulia, maana usipolia huzuni huwa inarudi baadaye kwa njia ya presha.

Kazi aliyopewa ilikuwa moja: kuandika historia ya marehemu, isomwe Jumamosi baada ya ibada ya katekista. Msiba wa Kikristo hauishi bila karatasi hiyo. Watu watataka kusikia alizaliwa wapi, akafanya kazi gani, akaugua nini na ameacha nani, na mwenye masikio atapima kilichosemwa na kilichorukwa.

Mwanzo ulimtoka kwa urahisi. Alizaliwa, akaja, akaoa, akapata mtoto. Alipofika mwaka 1985 kalamu ikakwama. Huko Ulaya barua zilikuja ndefu, zikawa fupi, zikawa kadi za Krismasi. Kitu pekee ambacho Petwe hakuacha kukituma ni muziki wake. Kila aliporekodi, nakala moja ilipanda posta mpaka Temeke. Santuri nne, kaseti mbili, CD saba. Jumla kumi na tatu, zote ndani ya sanduku la vitenge la mama.

Muziki wenyewe mtaa haukuupenda. Hauna mahali pa kuweka mguu, walisema, na jirani mmoja aliwahi kuuliza kwa upole kama shemeji bado anajaribu chombo au wimbo umeshaanza. Mama yake Herieth hakucheka wala hakukasirika. Kila nakala ilipofika aliisikiliza mara moja tu, ameketi wima, mikono mapajani. Ikiisha alisema, "Mzima. Pumzi bado anayo." Halafu aliifungia sandukuni na kwenda kupika.

Basi Ijumaa asubuhi Herieth alimwaga sanduku kitandani na kuandika maisha ya baba yake kutoka migongoni mwa makasha. Mwaka 1988 alirekodi Stokholm. Mwaka 1993 Rotadamu. Mwaka 2004 Paris, na wapigaji watatu ambao majina yao hakuweza kuyatamka. Alinakili kama anavyonakili hati za mizigo, bila kujiuliza ndani mna nini.

Ya kumi na tatu ilikuwa bado na karatasi yake ya nailoni. Ilifika mwaka 2017, mama akiwa ameshafariki, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuketi wima kuisikiliza. Herieth akaichana kwa kucha, akageuza nyuma. Imerekodiwa Kopenhagen, tarehe 17 na 18 Machi 2016.

Akaweka kalamu chini. Sesilia alizikwa makaburi ya Kinondoni tarehe 17 Machi 2016, saa tisa alasiri.

Siku zile mjomba ndiye aliyepiga simu Ulaya. Alirudi kutoka kwenye simu akasema shemeji amelazwa, moyo, madaktari wamemkataza kupanda ndege. Alilirudia hilo makaburini, mbele ya watu wote, kwa sauti ya kusikitika. Jumuiya ikasali rozari siku tisa, nusu kwa marehemu na nusu kwa mgonjwa. Mama Felicitas alifunga siku tatu kwa ajili ya moyo wa Petwe. Nani angemkasirikia mgonjwa? Herieth hakumkasirikia. Alimuombea naye, kisha akarudi kazini.

Mchana huo alikuja Gozbert kutoka Manzese. Huyu ni mpiga saksafoni wa kundi la matarumbeta, wale wanaopakiwa nyuma ya kigari cha kirikuu kusindikiza maharusi. Petwe alimfundisha mwaka themanini na tatu, na sasa alitaka kuulizia wimbo wa kupiga kesho kwenye ibada. Herieth alimuuliza kama kirikuu chake kina redio ya CD. Kilikuwa nayo. Wakaketi mbele, vioo wamepandisha, jua likiwaunguza mapajani, wakasikiliza nyimbo zote sita.

Kabla ya wimbo wa pili Petwe alisikika akimwambia mpiga ngoma neno fulani, akacheka. Kicheko kizima cha mtu mwenye meno yake. Herieth alihesabu masaa. Kopenhagen iko nyuma masaa mawili. Huenda wakati ule ndiyo kwanza wanaume walikuwa wanashika kamba za jeneza.

Gozbert alikuwa ameegemeza kichwa kwenye usukani, amefumba macho. Hakujua lolote kuhusu tarehe, akasema tu anachokisikia.

"Dada, mie nimemsikiliza mwalimu tangu nikiwa mdogo. Hajawahi kupiga vizuri hivi."

"Ni mgonjwa hapo?"

"Mgonjwa gani? Mtu wa moyo hawezi kuishikilia sauti namna hii. Hiyo pumzi ya mtu mzima kabisa."

Herieth akamwuliza kama anasikia huzuni kwenye wimbo. Gozbert alifikiri sana, akakiri kwamba hajui. Yeye mwenyewe siku mama yake alipokuwa mahututi alipiga harusini Mbagala, na watu wakasema hajawahi kupiga kama siku ile. Herieth akamweleza habari ya tarehe. Gozbert akazima redio, akasema pole. Ilikuwa pole ya kwanza tangu Jumatano iliyomgusa mahali.

Maana kitu kilikuwa kimeanza kusogea kifuani mwake, na cha ajabu hakikuwa hasira. Baba yake alidanganya. Herieth aliligeuza neno hilo siku nzima akigawa chai, na kila alipoligeuza lilizidi kumpendeza. Mtu hajisumbui kumdanganya asiyemjali. Kule Kopenhagen, baada ya miaka thelathini na moja, kumbe kulikuwa na aibu ya kutosha kumfanya mzee mzima ajilaze hospitali kwa maneno. Alijiona kama mtu aliyeachiwa urithi mdogo. Akaandika kwenye karatasi kwamba siku mke wake anazikwa marehemu alikuwa studio, akapiga nyimbo sita.

Jumamosi asubuhi alimkuta mjomba akipanga viti, akampa karatasi asome. Mzee alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika pale, akasimamisha kidole.

"Alitudanganya, mjomba," Herieth alisema. "Hakuwa mgonjwa."

Mzee akaketi kwenye kiti alichokuwa amekishika.

"Hakutudanganya. Aliniambia ana studio. Wenzake wameshafika, siku zimeshapangwa. Akasema Sesilia angeelewa." Alikunja karatasi vizuri kabla ya kuendelea. "Mie ndiye niliyemlaza hospitali."

Herieth aliinua kiti kimoja, akakipanga mstarini.

"Ulitaka nisimame pale makaburini niseme nini, mwanangu? Kwamba dada yangu amemngoja mtu miaka thelathini na moja, na huyo mtu ana kazi?"

Akamrudishia karatasi. Akasema aandike anavyoona mwenyewe. Yeye ameshazeeka, aibu haitamkaa muda mrefu. Kisha akainuka kwenda kuangalia kama spika za katekista zimewashwa.

Ule urithi mdogo ukawa umeondoka hivyo. Hata uongo haukuwa wake. Petwe alisema ukweli mtupu kwenye simu, kama mtu anayeahirisha kikao, akakata na kwenda kucheka na mpiga ngoma. Herieth alijipapasa ndani akitafuta maumivu, akakuta ganzi ileile ya Jumatano, safari hii imefika mpaka vidoleni. Watu wakaanza kuingia uani. Wengi walikuwa walewale wa 2016. Mama Felicitas alikaa mkeka wa mbele na rozari yake, yule aliyefunga siku tatu kumwombea mtu mwenye afya. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya mjomba ilikuwa imefika miaka minane, na sasa ilikuwa imebakiza mstari mmoja wa kalamu ya Herieth iishe. Mzee huyo ndiye aliyekuwa akiongoza sala kwenye nyumba za watu hawa.

Ibada ikaenda vizuri. Gozbert akapiga wimbo wa kanisani polepole, kwa adabu, akaketi. Katekista akaita mtoto wa marehemu.

Herieth alisoma kuzaliwa, kuja Tanzania, bendi, ndoa. Alisoma kwa sauti ya kazini. Alipofika kwenye mstari wenyewe, macho yakasoma kingine na mdomo ukasema kingine. Akasema kwamba mwezi Machi mwaka 2016 marehemu alishikwa na moyo, akalazwa, asiweze kuja kumzika mke wake, na jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho. Hilo la kuumia mjomba hakuwahi kulisema. Aliliongeza mwenyewe.

Akina mama wakaitikia kwa kuguna kwa huruma. Mama Felicitas akatikisa kichwa kama anayemkumbuka mgonjwa wake.

Ikabaki hesabu. Mgonjwa aliyelazwa hawezi kuwa studio siku hiyohiyo, na ile CD ilikuwa na tarehe mgongoni. Herieth akasoma kwamba katika maisha yake Ulaya marehemu alirekodi mara kumi na mbili. Gozbert alinyanyua macho, akamtazama, kisha akayashusha kwenye chombo chake. Yeye peke yake pale uani alijua ni ipi iliyoondolewa, na kwamba ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Mtu alijinyima mazishi ya mkewe kwa ajili ya nyimbo sita, na sasa bintiye alikuwa amezifuta kwa pumzi moja. Hakujisikia kulipiza kisasi. Hakujisikia chochote.

"Marehemu ameacha mtoto mmoja na wajukuu wawili," akasoma. Hapo ndipo karatasi ilipoishia, ikabaki kusema Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Lakini mdomo ukaendelea.

"Mtoto huyo alilelewa na mjomba wake, Gaudens. Ndiye aliyempeleka darasa la kwanza..."

Hakufika la pili. Alikuwa ameshaanza shule miaka miwili kabla baba yake hajaondoka, kwa hiyo hata hilo alikuwa amelikosea. Akalia. Alilia kwa kelele, mdomo wazi, kamasi zikimtoka, mpaka Mama Felicitas akaja kumkumbatia. Akawaambia wenzake wamwache alie, amekaa nalo tangu Jumatano, baba ni baba.

Herieth hakumrekebisha. Juu ya bega la yule mama alikuwa akimtazama mjomba kwenye kiti cha mbele, kofia magotini, mgongo umeanza kupinda, anayepiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kazi uliokatika ncha ya kidole. Miaka sabini na sita. Haitachukua muda mrefu naye atahitaji kuandikiwa historia, na karatasi moja haitatosha. Hapo ndipo alipoumia, na akashindwa kunyamaza.