Madam Scola na Baka la Mkononi

Mwaka 2003, Scola alikuwa akifundisha biolojia kwenye shule moja ya sekondari Nachingwea, alikopangiwa kazi kutoka Songea. Baka lililokuwa mkononi mwake hakulijali mpaka siku alipoegemea sufuria ya moto asisikie kitu. Hospitalini wakamwambia ni ukoma, ule wa vijidudu vichache. Wakamwanzishia dawa, wakamhakikishia kuwa hataambukiza mtu.

Habari zikamtangulia shuleni. Mkuu wa shule, Mwalimu Benedikto, akamwita.

"Wazazi wa kijiji cha Nkowe wamelalamika. Kapumzike nyumbani."

"Daktari amesema siambukizi, Mkuu."

"Daktari hawajui wazazi."

Scola akatoka. Akakuta kiti chake kimetolewa ofisi ya walimu, kimewekwa barazani, na wenzake wanakunywa chai kama hawamwoni. Hakwenda nyumbani. Aliingia kidato cha nne, akachora ubaoni, akafundisha kwa Kiswahili, ingawa somo lilitakiwa liwe la Kiingereza.

"Kijidudu cha ukoma kimejivika mafuta na nta. Zamani wataalamu walidhani seli za kinga hutambua vipande vya protini tu. Kumbe juu ya seli za mwili kuna molekuli inaitwa CD1. Ina mfuko mwembamba, wenye kina, na kuta zake hazipendi maji. Mikia ya mafuta ya kijidudu inazama humo. Kichwa kinabaki nje. Seli ya kinga inakuja, inakipapasa kile kichwa pamoja na kingo za mfuko, inajua: huyu si wetu."

Tunu, msichana aliyekaa mbele, akanyoosha kidole. "Madam, kama seli zilimtambua, mbona mkono wako una ganzi?"

"Kwa sababu vita vilipiganwa ndani ya mishipa ya fahamu, nayo ikaumia. Lakini vijidudu ni vichache kwa sababu mwili wangu haukulala."

Mlango ukafunguliwa. "Futa ubao!" alisema Benedikto.

"Sifuti! Seli haina macho, haijasoma, lakini inapapasa na kujua nani adui na nani mwenzake. Wewe una macho mawili na shahada, Mkuu, umeshindwa!"

Benedikto akaondoka akiapa kumshtaki wilayani.

Jumamosi mama yake Tunu, Mwanakheri, mkulima wa korosho, akafika kutoka Nkowe amepakizwa kwenye baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukalia kiti alichopewa.

"Mwalimu mkuu, nimesikia sisi wa Nkowe tumelalamika. Nani katuuliza? Mimi sikuulizwa. Jirani zangu hawakuulizwa. Unatusingizia kwa nini?"

Benedikto akababaika, akasema alimaanisha wazazi kwa ujumla.

"Basi sema wewe ndiye unaogopa. Usitupe sisi aibu yako."

Shtaka halikupelekwa popote. Jumatatu kiti kikarudishwa ndani bila mtu kumwomba radhi, na radhi hiyo ndiyo Scola aliyoitaka. Alimaliza dawa, akawafundisha wale wa kidato cha nne mpaka wakafanya mtihani, kisha akaomba uhamisho kwenda Ruangwa. Siku ya kuondoka Benedikto alimpa mkono, wa kulia, akitabasamu sana.

Scola aliutazama, hakuushika, akapanda gari.