Majina Yakae Wapi

Nilichoona kwanza ni shati. Jonathan, fundi wetu wa kompyuta, alikuwa akija kila Jumanne kutoka Gungu, shati nje, vumbi la bodaboda mpaka kwenye nyusi. Jumanne ile alikuwa amechomekea.

Nikageuka kutazama ni kwa ajili ya nani. Devota alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Chama chetu kilikuwa kidogo, vyumba viwili pale Katubuka. Mwaka ule Warundi walikuwa wakivuka kwa wingi, Wakongo nao bado wanashuka kwenye maboti, na njiani watu walipotezana. Sisi tuliandika majina ili mama ampate mwanawe. Yote yalikaa ndani ya seva, kompyuta kubwa ambayo Jonathan aliifunga chumba cha nyuma; ya kambini yaliletwa kwa flashi, gari likipatikana. Mimi nilifagia, nikachemsha chai, nikapokea wageni. Shule niliachia darasa la tano. Jonathan ndiye aliyenifundisha kuizima seva umeme ukianza kuchezacheza. "Elida," aliniambia, "hii ni yetu. Haitoki hapa." Nikaamini kwamba na yeye hatoki.

Devota ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa Kalinzi. Alikuwa ametoka chuo, na mwenyekiti wetu, Mzee Leodgar, akamwajiri aandike ripoti. Hakukaa sana akasema seva iondolewe, tukodi programu ya mtandaoni, majina yakae kwenye kompyuta za kampuni huko mbali.

"Mbali wapi?" Jonathan akauliza. "Watu wamekimbia bunduki, wewe unampa majina yao mtu usiyemjua hata baba yake?"

"Na wewe unayafungia chumbani kama mbuzi. Umeme wa hapa ukiliunguza hilo sanduku?"

"Nina betri."

"Betri imekaa hapo hapo, kaka. Nyumba ikishika moto, itakimbia yenyewe?"

Mzee Leodgar akacheka. Jonathan akacheka kuliko yeye. Mimi nilisimama na sinia langu. Mimi Jonathan alikuwa akinielekeza tu. Mbele ya Devota alikuwa anatafuta maneno, anakuna kichwa, anaanza upya.

Ikawa hivyo kila alipokuja. Chai ilipoa, hakuna aliyeigusa. Akaanza kuja hata Alhamisi, na seva ilikuwa nzima kabisa. Usiku nilimwombea Devota apate kazi Dodoma.

Kulikuwa na Mama Mwamvua, Mkongo aliyefikia kwa ndugu zake Ujiji, akimtafuta mwanawe Heritier. Kila alipokuja alileta dagaa kwenye kitambaa, maana mtu haendi kumwona mtoto mikono mitupu. Aliweka kiganja juu ya seva. "Mutoto wangu analala humu," alisema. Sisi hatukumkatalia.

Siku moja Devota akapiga simu kambini, Kasulu, akauliza jina hilo tu. Heritier alikuwa ameandikwa kule zamani. Jina lake lilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa inasubiri gari la kuileta mjini.

Mama Mwamvua alipoambiwa akakaa chini sakafuni, akacheka, akalia. Dagaa zikamwagika.

"Ingekuwa mtandaoni," Devota akasema taratibu, "tungemwona siku ile ile."

"Umenishinda," Jonathan akasema. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi. Mimi nikainama kuokota dagaa.

Mzee Leodgar akanigeukia. "Elida, wewe ndiye unayepokea watu. Unaonaje?"

"Sijui, Mzee."

Wakakubaliana, ila Jonathan alitaka majina yafungwe kwa nywila kwanza, waijue watu wachache tu. Kisha akaichomoa seva, akaifunga kwa mpira nyuma ya bodaboda, akaondoka nayo. Jumanne iliyofuata hakuwa na kazi kwetu. Alikuja, akakaa karibu na Devota.

Jonathan, mimi nililijua hilo kabla ya Devota. Ni mimi niliyekuwa nikiwaambia akina mama warudi wiki nyingine, flashi haijafika. Hoja yote nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza, nikiogopa utaudhika kwa ajili ya mashine yako. Sikujua kuwa unapenda kubishiwa. Ningekubishia mpaka jua lizame Kongo.