Ruta ya Ndama

Kwa Racho hakuna mgeni aliyewahi kutoka na koo kavu. Ukipita mlangoni kwake, pale Bulla Pesa mjini Isiolo, saa tatu asubuhi, utakunywa chai. Ukipita saa saba utakunywa maziwa yenye harufu ya moshi, maana kibuyu chake hukifukiza mwenyewe kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa, kama mama yake alivyofanya kule Gotu. Na tangu kampuni ya intaneti ilipomwekea ile ruta nyeupe juu ya kabati, ubavuni mwa kibuyu, ukipita saa yoyote utapewa na paswadi.

"Ni maziwa, halafu moja mbili tatu," angekuambia kabla hujauliza. "Jina utaliona hapo, RACHO. Usione haya."

Wapangaji wa vyumba sita vya ploti yake walikuwa nayo. Wageni wa wapangaji walikuwa nayo. Vijana wa boda boda walikuwa nayo, na watu wakawa wanashangaa kwa nini kati ya kuta zote za Bulla Pesa, vijana wale waliupenda ukuta wa Racho, ambao hata kivuli haukuwa nacho.

Aliyeumia ni Sadiya.

Sadiya alikuwa mjukuu wake, aliyemlea tangu wa kubebwa mgongoni mpaka sasa ana miaka ishirini na nne na anamzidi urefu kwa kichwa kizima, ingawa bado humwita Akko, yaani bibi kwa Kiborana. Wawili hao walikuwa na mchezo wao wa vitendawili, na sheria ilikuwa ile ile ya tangu zamani: ukishindwa, unampa mwenzako mji ndipo akupe jibu. Racho hakuwa ametoa mji hata mmoja maishani mwake. Sadiya alishatoa Marsabit, Garissa, Meru, na Nairobi mara mbili.

Sasa Nairobi yenyewe ilikuwa imemkodolea macho. Sadiya alikuwa anatafuta kazi ya ukalimani. Mgonjwa Mborana au Msomali huko ng'ambo akishindwa kuelewana na daktari, mtu kama Sadiya hukaa katikati kwa njia ya intaneti, akageuza maneno ya huyu yamfikie yule. Lugha anazo. Kilichobaki ni jaribio la dakika arobaini bila sauti kukatika. Mara ya kwanza sauti ilikatika dakika ya kumi na moja. Kampuni ikampa nafasi ya pili, Alhamisi saa nne asubuhi, na kumwambia hakuna ya tatu. Akishindwa, Jumamosi angeenda kwa shangazi yake Habsa, Nairobi, akauze nguo dukani. Begi lilikuwa limeshajaa nusu, limesimama nyuma ya mlango.

Racho hakulitaja lile begi. Kila alipofagia alilizunguka, kama mtu anavyomzunguka mbwa wa jirani aliyelala.

Jumatatu Sadiya alirudi kutoka mjini na boksi.

"Hiki ni nini tena?" Racho akauliza. "Si ruta tunayo?"

"Ile ni ya kampuni, Akko. Wameifunga, siwezi kubadilisha kitu. Ninachoweza ni kuzima waifai yake tu, kwa hiki kitufe cha ubavuni. Hii nyeusi ni yetu wenyewe. Ile nyeupe itavuta intaneti kutoka nje, iipitishe kwa huu waya, halafu hii yetu iigawe hapa ndani."

"Kumbe. Ile ni bomba la kaunti, hii ni tangi langu."

"Haya, umeelewa kuliko mimi. Sasa tuipe jina gani?"

Racho alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Jina gani tena? Wewe umeona wapi mifugo ya boma moja ikapigwa alama mbili? Andika RACHO. Na paswadi ni ile ile, watu wasije wakadhani nimewafukuza."

Sadiya alisita, kidole kikiwa juu ya simu. Kisha akacheka, akaandika, akazima waifai ya ile nyeupe. Mashine ni mpya, alijiambia, ina nguvu, itatosha wote.

Jumanne alijaribu kwa kuzungumza na rafiki yake Nimo aliyekuwa Garissa. Racho alikaa nje akichambua mchele, sikio moja chumbani. Dakika ya tisa akamsikia mjukuu wake akisema, "Nimo? Nimo, unanisikia? Nimo!" Kisha kiti kikasukumwa nyuma.

Hapo hapo Ekidor akatokea upande wa nyuma ya ploti akitabasamu. Ekidor, Mturkana wa chumba cha nne, ni dalali wa mbuzi, na video zake humsifu mbuzi mpaka mbuzi mwenyewe angeona haya.

"Mama, hongera!" akasema. "Hiyo mtandao yako mpya ni moto. Inashika mpaka nyuma ya choo!"

Racho akaacha mchele. "Simu yako ilijuaje kuna mpya?"

"Si ni RACHO? Iliingia yenyewe tu."

Jioni ile ile, jua likiwa bado juu, bibi na mjukuu walimpelekea M'Ikiara ruta nyeusi. M'Ikiara ni Mmeru mwenye duka la vyombo vya umeme karibu na stendi, na ndiye aliyeiuza. Aliichomeka, akafungua simu yake, akatazama kumbukumbu ya waliopita humo, akavua miwani.

"Mama, simu thelathini na moja. Hii ni nyumba ama ni soko la mifugo?"

"Zimeingiaje?"

"Kwa mlango, mama. Simu haijui hii ni nyeusi ile ni nyeupe. Inajua jina na paswadi tu. Ikikuta vile vile, inaingia na kulala. Mmenunua boma jipya mkalipiga alama ya zamani, sasa kundi lote limerudi nyumbani."

Sadiya aligeuza uso barabarani. Hilo ndilo lililomchoma Racho. Angalau angesema, Akko, ni wewe. Lakini alikuwa anaangalia tu magari ya Moyale yakipakia mizigo ng'ambo ya barabara, na Racho akajua mawazo yake yamepanda gari la upande wa pili, lile la Nairobi.

"Badilisha jina na paswadi," M'Ikiara akasema. "Fungia nje wote. Kwisha maneno."

"Wote?" Racho akauliza.

"Wote."

Racho akakunja kona ya shuka yake, akaikunjua. Kufungia watu nje, yeye? Kisha akainua uso.

"Fundi, kwenu mna ng'ombe?"

"Wawili."

"Ng'ombe ana chuchu ngapi?"

"Nne. Na zote tunakamua."

"Ndiyo maana ndama wenu wananyonya ndoo," Racho akasema, na M'Ikiara akacheka mpaka akashika kaunta. "Sisi chuchu mbili ni za watu, mbili ni za ndama. Mgeni awe nani, kiangazi kiwe kipi, zile za ndama haziguswi. Na mgeni hakasiriki, maana anajua ndama akifa hata yeye mwaka ujao hanywi. Sasa niambie, hiyo mashine yako haina chuchu nne?"

M'Ikiara akavaa miwani. Akaigeuza ruta, akaibonyeza bonyeza kwenye simu, midomo ikisoma pole pole.

"Inazo," akasema mwishowe, kama mtu aliyeshindwa kitendawili. "Inaweza kutoa majina mawili. La wageni unalipimia, lisizidi kiasi fulani. Linalobaki ni la huyu msichana."

"RACHO ibaki ya wageni, na paswadi yao ile ile," bibi akaamua. "Hiyo nyingine iite NDAMA."

"Na paswadi yake, Akko," Sadiya akasema, sauti yake imeanza kurudi, "itakuwa..."

"Usiniambie!"

Wote wawili wakamtazama.

"Mimi ninajijua," Racho akasema. "Mtu akiniomba kitu ninacho, siwezi kumwambia sina. Basi nisiwe nacho. Hata simu yangu iache huko huko kwa wageni."

Alhamisi ikafika. Saa nne kasoro dakika tano Sadiya alijifunga chumbani, kisikizio kichwani, glasi ya maji mezani. Racho akaweka kigoda nje ya mlango, akakaa, tasbihi mkononi. Kutoka ndani alisikia sauti ya mjukuu wake, tulivu, ikipita kutoka Kiborana hadi Kiingereza na kurudi, kama mtu avukaye mto ambao mawe yake anayajua.

Hazijapita dakika kumi, Ekidor akaja, simu ameiinua juu ya kichwa.

"Mama, habari ya asubuhi. Leo kuna nini? Video ya mbuzi inapanda kama kobe, na mteja yuko Nanyuki ananingoja. Naona hapa kuna ingine, inaitwa NDAMA. Nipe hiyo paswadi."

"Siijui."

Ekidor akashusha simu. "Mama. Wewe, usijue?"

"Wallahi siijui. Teremsha sauti."

"Yaani Mama Racho amejifunza kuninyima!"

"Sijakunyima. Yako unayo, na bado inatoka. Hiyo ni ya ndama." Akaelekeza kidevu kwenye mlango uliofungwa. "Ananyonya sasa hivi. Akikatishwa leo, Jumamosi hayuko hapa."

Ekidor akatega sikio. Ndani, Sadiya alikuwa anamwuliza mgonjwa wa kubuniwa maumivu yalimwanza lini. Dalali yule alizaliwa kwenye mifugo kabla hajaijua simu. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Basi ashibe," akanong'ona. "Mbuzi wangu hawatakufa kwa kungoja." Na kijana mmoja wa boda boda alipowasha pikipiki pale ukutani, Ekidor ndiye aliyeinuka kumfukuza, kwa mikono tu, bila neno.

Saa tano kasoro dakika kumi na tano mlango ukafunguka. Sadiya alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Haikukatika," akasema. "Hata mara moja."

Racho alisema alhamdulillahi, akaenda kupika chai, kwa sababu hakutaka waone uso wake. Jibu lenyewe lilikuja alasiri: aanze kazi Jumatatu, kutoka hapo hapo alipo. Sadiya akalitoa begi nyuma ya mlango, akalimimina kitandani, nguo zote, na Racho akapata mahali pa kufagia.

Baada ya kula walikaa sebuleni. Juu ya kabati ruta nyeupe na ruta nyeusi zilikuwa zimeketi bega kwa bega, waya mmoja kati yao, kibuyu pembeni.

"Akko, si vizuri," Sadiya akasema. "Nyumba ni yako, halafu hujui paswadi ya nyumba yako."

"Tulishamaliza hayo."

"Haya, sikuambii. Kitendawili!"

Racho hajawahi kukataa kitendawili. "Tega."

"Bibi yangu hula moshi, wala si kwa njaa, lakini bila moshi hanywi maziwa."

Macho ya Racho yaliruka mpaka juu ya kabati, kwenye kibuyu, yakarudi haraka kwenye mapaja yake. Mtoto alikuwa anauma mdomo asicheke. Na hapo bibi akaelewa amewekewa paswadi ndani ya kile kitendawili, na kwamba akilitamka tu lile jibu, kesho Ekidor atakuwa nalo, na keshokutwa vijana wa ukutani.

Akakuna shavu. Akatazama dari. Akahema.

"Nimeshindwa," akasema.

"Akko! Wewe?"

"Uzee, mwanangu. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Nakupa Isiolo," Racho akasema. "Yote, mpaka Gotu. Ukae nayo. Na hilo jibu lako baki nalo pia."