Pembeni mwa Picha

Siku ya kwanza Mwamvua aliijaribu lenzi yake mpya kwa vitu vya mtaani, kama anavyojaribu sufuria mpya kwa kuchemshia maji kwanza. Alisimama mlangoni mwa studio yake, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, akapiga baiskeli, muhogo wa kukaanga, na paka aliyelala juu ya mizani ya muuza dagaa. Lenzi ilikuwa ya mtumba, nzito, pana kiasi cha kumeza upande mzima wa barabara, na hata kwenye kiza cha dukani ilitoa picha angavu bila flashi. Haikujua kulenga yenyewe. Ilibidi uzungushe pete kwa mkono mpaka sura ikae sawa. Mwamvua, mwenye diploma yake ya uandishi wa habari na asiyependa kusaidiwa, hilo lilimfurahisha.

Kasoro aliiona moja. Kilichokuwa pembeni mwa picha kilivutika. Baiskeli ya fundi Mselem ilitokea ukingoni, na gurudumu lake la mbele likawa refu kama yai. Alasiri Mselem akaja akiisukuma.

"Mama Badru, umenivuta gurudumu. Inakwenda kama ngamia mwenye jipu."

"Iweke hapo katikati."

Akazungusha pete, akapiga tena. Gurudumu likarudi duara. Mselem akashukuru, akapanda, akaenda zake.

Ijumaa, baada ya pilau, aliijaribu nyumbani kwake Chumbageni. Nyumba ile ilikuwa na mpangilio wake wa picha, na haukujadiliwa. Mama mkwe katikati ya kochi, mumewe Sabiri kuliani, watoto wawili, Badru na Nasma, chini kwenye mkeka, na Nasra asimame mwisho kabisa, afunge picha. Nasra alikuwa binti wa marehemu dada yake Mwamvua, aliyelelewa pale tangu anatambaa. Mbele ya wageni Mwamvua alimwita mwanangu wa kwanza. Kwenye picha alikuwa wa mwisho, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka kuondoa vyombo.

Habari ya pembeni Mwamvua alikuwa anaijua. Alijiambia kwamba baiskeli ni baiskeli na mtu ni mtu. Akabonyeza.

Nasra alipoinama kukusanya sahani, mikono yake ilifika upande wa pili wa mkeka bila yeye kusogea.

"Mikono hiyo itafaa kuanulia nguo," alisema mama mkwe, akaomba kijiti cha meno.

Ilifaa. Nasra alianua kamba nzima akiwa amesimama kizingitini. Watoto wa jirani walikuja kumwomba awatolee mpira juu ya bati, naye akawatolea. Usiku alilala ameikunja mikono kama kanga zilizopigwa pasi.

Lakini Nasra alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi, na wiki ile alikwenda kujiandikisha. Mama wa usajili alimtazama juu ya miwani.

"Mikono si tatizo, wagonjwa hawatajali. Sare ndizo zenye kipimo kimoja, mwanangu, na glovu pia. Ukirudi saizi yako kabla ya mwezi kwisha, nafasi yako ipo."

Jioni Nasra alimfuata Mwamvua jikoni.

"Mama mdogo, nipige tena. Nikae katikati."

"Hiyo kazi ya dakika mbili. Tumalize kwanza harusi ya Jumamosi."

Harusi yenyewe ilikuwa ya ukumbi wa wanawake, simu za wageni zinaachwa mlangoni, na mpiga picha ni Mwamvua peke yake. Ile lenzi ilitosheka na taa ndogo tu, ila taa ilitakiwa iwe juu ya vichwa, katikati ya ukumbi, mahali ambapo stendi ingewazuia wachezaji. Nasra alisimama ukutani, akanyoosha mkono, taa ikaning'inia juu ya bibi harusi kama embe. Picha zilitoka safi hata hina ikahesabika mstari kwa mstari. Kabla biriani halijapakuliwa, kina mama watatu walikuwa wameshamwita Mwamvua pembeni.

"Na sisi tunataka mwanga huohuo wa juu."

Basi ikawa tumalize ya Jumamosi, kisha tumalize ya Alhamisi, kisha ya yule wa Pongwe aliyekwisha kulipia. Sabiri hakuwa msemaji, ila usiku mmoja alisema.

"Mpige mtoto wa watu aende chuo."

"Mtoto wa watu yupi? Mimi ndiye niliyemlea."

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

Mwezi ulikwisha wakiwa Pongwe. Nasra alikuwa ameshika taa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akafungua ujumbe wa chuo. Nafasi amepewa msichana wa Korogwe. Taa ikashuka, ikafika usawa wa pua ya bibi harusi.

"Inua," alisema Mwamvua, jicho liko kwenye kamera.

Taa ikainuka.

Ujumbe ule Mwamvua aliusoma kesho yake, Nasra alipompa simu. Hakumaliza chai. Alimhamishia mama mkwe chumbani, akaondoa mito, akasogeza kochi katikati ya sebule.

"Kaa. Hapo hapo. Usiinuke hata nyumba ikiungua."

Nasra akakaa. Mwamvua alizungusha pete taratibu mpaka kope za binti zikaonekana moja moja, akabonyeza. Kwenye picha kochi lilikuwa katikati, tupu. Nasra alikuwa amesimama mwisho kabisa, mkono mmoja tayari uko kwenye kikombe.

Akapiga tena. Akafunga mlango akapiga. Akamtoa uani, akamweka juu ya kigoda, peke yake, hakuna wa kumsogeza, akapiga. Kigoda kilitoka kitupu, na Nasra ukingoni, amefunga picha.

"Unahama?"

"Sijahama, mama mdogo. Pashike."

Mwamvua alimwinua, akagusa kigoda. Kilikuwa na joto la mtu.

Wakarudi ndani. Mwamvua alirudisha mito kwenye kochi, mmoja mmoja. Nasra alinyoosha mkono mpaka jikoni, akazima jiko kabla maziwa hayajamwagika.

"Wale wa harusi ya Jumamosi hii wamepiga simu," alisema. "Wanauliza kama taa ni ileile."

Mwamvua alikuwa ameketi katikati ya kochi. Aliitazama lenzi mapajani mwake, akaifunika kifuniko chake.

"Waambie ni ileile."