Bunduki Nyepesi, Teke Zito

Bunduki yangu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba Orrin, jirani yetu mwenye nyumbu wa kubeba mizigo, aliinyanyua kwa vidole viwili akauliza, "Hii ya kuwindia elki au ya kupigia mswaki?"

"Ya kupandia mlima," nikamjibu. "Wewe una nyumbu. Mimi nina magoti."

Nilijivuna, na nilikuwa na haki. Kiangazi chote nilijifungia gerejini kuipunguza uzito. Kitako cha mbao nilikitoa nikaweka cha nyuzi za kaboni. Mtutu mnene fundi aliung'oa, akatia mwembamba. Risasi nazo sikununua. Nilizitengeneza mwenyewe kwa mashine ya mkono, ganda moja baada ya jingine, baruti yote ikipita kwenye mizani. Na baruti sikuibania. Elki ni kulungu mwenye mwili wa farasi. Nilitaka risasi yangu imfikie ikiwa bado na hasira.

Kilichobaki kilikuwa shangazi Verna.

Kambi yetu kule milimani ni yake, na sheria ni yake. Anayetaka kumlenga mnyama akae kwanza chini kwenye kokoto, asiegemeze bunduki popote, atoboe sahani ya karatasi kwa risasi tatu mfululizo, mita mia mbili. Akishindwa anapanda mlima kama mpishi. Msimu ulikuwa unafunguliwa Jumamosi, na kibali changu cha kwanza cha elki nilikuwa nimekiomba tangu nimalize shule. Sikutaka kikae mfukoni huku mimi nakoroga supu.

Alhamisi tulikwenda kwenye machimbo ya kokoto. Nikapiga. Vumbi likaruka kushoto kwa sahani. Nikapiga tena. Likaruka chini yake.

"Upepo," nikasema.

"Upepo gani? Mvuke wa kahawa yangu umesimama wima kama askari wa gwaride," shangazi akasema.

"Basi darubini ya kulengea imelegea. Juzi niliilaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, risasi zote ziliingia karibu tundu moja!"

"Lete hiyo darubini iliyolegea. Na risasi lete." Akanipa mgongo, akajaza, akanirudishia. "Haya, binti wa kaka yangu. Piga."

Nikalenga, nikavuta kifyatulio. Klik. Mlio hakuna. Lakini mtutu ulidonoa chini kama kuku, na macho yangu, jamani, nilikuwa nimeyafumba.

Orrin alicheka hadi akajishikilia kwenye gari. "Upepo huo! Upepo mkali!"

Risasi ile haikuwa na baruti wala fataki ya kuiwasha. Shangazi alikuja nayo mfukoni. "Darubini nzima," akasema. "Wewe unaiogopa bunduki yako. Umeondoa uzito uliokuwa unameza teke lake inapofyatuka, halafu teke lenyewe ukaliongeza. Bega lako si jinga. Linakimbia mapema."

Nikavuta ukosi, nikachungulia. Chini ya shati bega lilikuwa la zambarau.

"Nirudishe kitako cha mbao?"

"Upoteze jasho la kiangazi chote? Punguza baruti, mwanangu. Na majivuno kidogo."

Mchana ule nilibomoa kazi ya mikono yangu. Kuna nyundo ya plastiki yenye uwazi kichwani: unatia risasi ndani, unagonga sakafu, ncha ya risasi inachomoka na baruti inamwagika. Kila pigo liliniuma. Kisha nikajaza upya, kwa ncha nyepesi zaidi na kipimo cha chini kabisa anachokiruhusu mtengenezaji wa baruti.

Ijumaa tukarudi. Shangazi akawa ananijazia risasi moja moja, tena kwa kificho, nisijue ipi ni ya kweli. Ya kwanza ikalia. Bega likasukumwa tu, kama na mtu anayepita sokoni. Ya pili, klik. Mtutu haukutikisika.

"Ehee," Orrin akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa kichekesho.

Nikapiga mbili zilizobaki, tukaenda kutazama. Matundu mawili yalikuwa katikati. La tatu lilikuwa limeuma ukingo, nusu karatasi, nusu hewa.

"Hiyo imekosa," Orrin akasema.

"Imegusa!"

"Imebusu tu."

"Kubusu siyo kugusa? Kamuulize mkeo!"

Shangazi hakucheka. Aliinua sahani kwenye mwanga, akapitisha kidole chake kidogo pale ukingoni, taratibu.

"Imekata karatasi," akasema. "Nilisema sahani, sikusema katikati. Lakini sikiliza. Risasi hii haina mbio za ile ya kwanza. Zaidi ya umbali huu hufyatui, hata elki asimame akupungie mkono. Utamsogelea."

"Nitatambaa mpaka nimnuse."

"Atakunusa yeye kwanza," akasema, akanirushia funguo za gari. "Kapakie hema."