Safu ya Sita

Tangu saa kumi na mbili asubuhi karani wa kuhesabu magari alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha plastiki penye njia panda, mwavuli juu, fomu mapajani. Fomu ilikuwa na safu sita: baiskeli, pikipiki, gari dogo, basi dogo, basi kubwa, lori. Kila kilichopita alikichorea mstari. Serikali ilitaka kujua kama daraja jipya lingekuwa na faida, na faida, kwa mujibu wa mwongozo, ni dakika ambazo wasafiri wangeokoa wasipolazimika kuzunguka kwenye daraja la zamani.

Saa moja kasoro robo alipita mama yake, furushi la nguo kichwani. Alikuwa dobi. Kila asubuhi alipeleka ng'ambo ya mto nguo zilizopigwa pasi, jioni akarudi na chafu, yote kwa miguu, akafika kwake giza limeshaingia. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitako juani, hata binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniandika?"

"Fomu haina safu yako."

"Si uniandike pembeni?"

Pembeni palikuwa na muhuri.

Ripoti ilipitishwa Jumanne. Mtaalamu wa makadirio, mtu mpole mwenye penseli sikioni, aliandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba faida za mradi zingeanza kuonekana mara moja. Zikaanza Alhamisi, saa kumi kamili alasiri, kabla hata jiwe moja la daraja halijawekwa. Kila mtu wa basi alipata dakika hamsini na mbili kwa siku. Watu wa malori walipata sabini, maana lori huzunguka polepole. Jua lilisimama pale pale, saa za ukutani zikanyamaza, na waliohesabiwa wakazitumia dakika zao walivyopenda. Dereva wa basi dogo alivua viatu akalala kiti cha nyuma. Mwenye pikipiki mmoja alimfundisha mkewe kuendesha, wakazunguka uwanja wa shule wakicheka mpaka wakaanguka. Muuza magodoro alinyoa ndevu, jambo ambalo familia yake ilikuwa imeshalikatia tamaa.

Wasiohesabiwa walisimama kama walivyokutwa. Hawakuumia wala hawakujua. Karani, ambaye alikuja kazini kwa basi, alimkuta mama yake hatua chache kutoka kwenye kiti, mguu mmoja hewani, mdomo wazi katikati ya neno, jua likimpiga usoni. Akang'oa mwavuli akamfunika. Mkono ulipochoka, akahamia mkono wa pili. Alikuwa na hasira, na hakuwa na wa kumkasirikia.

Dakika zilipoisha, mama alishusha mguu akamalizia neno lake. "...kali leo! Na huo mwavuli umefikaje hapa?"

Kesho yake karani alikwenda ofisini.

"Bosi, mmewasahau wanaotembea kwa miguu."

"Hatujawasahau, dada. Mwongozo unasema muda wao hauna thamani. Wangekuwa na haraka, wangepanda gari."

"Mama yangu ana haraka tangu nizaliwe."

Mtaalamu alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Mimi huo mwongozo sikuuandika," alisema, na ilikuwa kweli. "Lakini wiki ijayo kuna hesabu ya marudio. Wewe niletee kilichoko ndani ya safu, mimi nitajumlisha."

Jumatatu mama alipotokea, karani alimkagua kama anavyokagua chombo chochote cha barabarani. Baiskeli hakuwa. Pikipiki haibebi mashuka arobaini. Akachora mstari kwenye safu ya sita.

Mama alichungulia. "Lori?"

"Lori, mama."

"Haya," akasema, akaenda zake kwa mwendo uliokuwa na uzito kidogo na heshima nyingi.

Habari hazikukaa. Muuza mkaa aliandikwa lori, wachota maji wakaandikwa lori. Mzee mmoja mwenye fimbo, asiye na mzigo wowote, aliandikwa baiskeli, akanuna siku nzima. Kesho yake alirudi na gunia la majani makavu. Hadi Ijumaa malori yalikuwa yamefika mia mbili na kumi na manne kwa siku. Muhuri ukapigwa.

Saa kumi ilipofika, mama alitua furushi. Binti akampisha kiti, yeye akakalia furushi. Mama alikaa. Kwanza mikono hakujua aiweke wapi. Akanyoosha miguu, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja, akaangua kicheko.

"Kumbe jua lenyewe ndilo hili!"

Walizungumza dakika hamsini na mbili, na karani hakukumbuka kama amewahi kuwa na furaha ya namna ile. Kisha, kwa upande wake, siku ikaendelea. Alipojigusa kichwani alikuta nywele zimesukwa mistari mitatu. Mama alikuwa na dakika kumi na nane za ziada, za lori, na mara ya mwisho kumsuka binti yake ilikuwa kabla hajaanza shule. Jumamosi kichwa kilikamilika. Jumatatu wakazifumua ili waanze upya.

Daraja lilijengwa, pana na imara, la kubeba malori mia mbili na kumi na manne kwa siku. Njia ya miguu haikuwekwa, kwa kuwa hesabu haikuonyesha mtu yeyote anayetembea. Asubuhi ya kwanza mlinzi alimsimamisha mama, akamwonyesha kibao cha kukataza watembea kwa miguu. Mama akapiga honi kwa mdomo. Mlinzi akafunua daftari, akapitisha kidole, akamwona kwenye orodha ya malori.

"Pita. Ila ukikata kona, onyesha ishara."

Mama akanyoosha mkono wa kushoto. Jumapili alikuja bila mzigo, anakwenda kumjulia hali mgonjwa, na mlinzi akamrudisha. Alikwenda nyumbani akafunga mito miwili kwenye shuka, akarudi, akapita.

Fomu mpya zililetwa mwezi uliofuata. Karatasi ilikuwa nyeupe zaidi, safu zilikuwa sita zile zile. Karani alizihesabu mara mbili. Kisha akasikia honi ikija kutoka darajani, akasimama, akatoa shikamoo, akakaa, akaandika: lori, moja.