Ikhlasi Kabla ya Chumvi

Wifi yangu alianza kufumba macho kabla ya kutia chumvi, na hapo ndipo nilipoanza kumchunga.

Naishi kwao hapa mtaani Tassia, kwa kaka yangu Mbaluka, dereva wa lori. Mkewe ni Kavinya. Zamani wifi alikuwa mtu wa kulia. Anaosha vyombo akilia, anakunja nguo akilia, na ukimuuliza anasema ni kitunguu, hata siku ya uji. Kisha akaanza kwenda kwa Mama Sauda, Mwislamu wa Mumias anayekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, ambako akina mama wa ploti, wapangaji wenzetu, hukutana wakishaanika nguo. Sisi ni watu wa kanisa. Wifi akawa anarudi bila machozi. Mtu hawezi kulia mwaka mzima halafu anyamaze bure.

Siku moja nikaenda kuanua nguo zetu karibu na dirisha la Mama Sauda, na nikazianua polepole. Nikamsikia akisema, "Ukipika, tia ikhlasi kwanza. Chumvi baadaye. Bila ikhlasi utapika mpaka uishe."

Neno hilo sikuwahi kulisikia, si shuleni si kanisani. Kwetu Ukambani, mume akitiliwa kitu kwenye chakula anakuwa wa mke peke yake, hasikii mama wala dada. Nikapekua mikebe yote, ya majani ya chai, ya iliki, ya binzari. Hakuna unga nisioujua. Basi anaufunga kwenye leso, nikasema.

Kaka sikumwambia. Angemrudisha wifi kwao siku hiyo hiyo, na mtoto wao Nzau abaki bila mama. Nilitaka nione kwa macho kwanza.

Lakini jirani yetu Lorraine wa ghorofa ya chini, niliyemnong'oneza habari hiyo, hana subira; yeye ndiye aliyemwambia kaka. Jumamosi kaka alipakuliwa ndengu na chapati, akaisukuma sahani. Akaniuliza mimi, si mkewe.

"Mbinya, wewe ndiye unashinda jikoni. Huyu ananiwekea nini?"

Kavinya alisimama na mwiko mkononi. Nikajua nikilitamka lile neno nimemfukuza. Nikaivuta sahani ya kaka, nikala hadi nusu, nikingoja kichwa kizunguke. Zilikuwa ndengu tu.

"Wifi," nikasema, "ikhlasi unaiweka wapi?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hapa," akagusa kifua. "Ni nia safi, Mbinya. Kazi ya nyumba ukiifanya ukingoja mtu aseme asante, itakumaliza. Nafumba macho namwambia Mungu, hii ni yako. Namwambia kwa Kikamba."

Kaka akairudisha sahani mbele yake. "Kwa hivyo hunipikii mimi?"

"Nakupikia. Ila asante yako siingoji tena."

Akala kilichobaki, akimtazama mkewe kama mtu aliyeibiwa na hajui ni nini kimetoka. Alipomaliza akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ndengu zilikuwa tamu. Tangu amwoe sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Nikageuka upesi nione uso wa wifi. Sijui kama alisikia. Alikuwa ameshafika kwenye sinki, sufuria mkononi, macho ameyafumba.